Nilirekodi Rap Juu ya Nyimbo za Mama, na Jumapili Tunazizindua

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie, na kabla hujaanza kunihurumia nikuambie mapema kwamba mimi ni mtu mzima wa miaka arobaini na saba, nafundisha watu kuendesha gari, nina kitambi kinachofika kwenye usukani kabla ya mikono yangu, na shida niliyonayo imetokana na kurap. Usicheke. Mke wangu ameshacheka kwa niaba ya wasomaji wako wote.

Zamani, kabla ya kitambi, nilikuwa rapa na nilijiita Kimbunga. Sikuwahi kutoa wimbo hata mmoja, lakini nilirekodi nyingi ajabu, peke yangu, chumbani nyumbani kwa mama, nimejifunika blanketi gubigubi ili sauti isirudi ukutani, redio kaseti moja inapiga biti na nyingine inanirekodi, natoka jasho kama niko jikoni, najisifu kwamba nina magari saba wakati hata baiskeli nilikuwa naazima. Kuna mstari mmoja niliuringia sana, unasema nikikatiza njia panda taa nyekundu huona haya, na siku hizi wanafunzi wangu wameupata, kwa hiyo kila tukifika kwenye taa lazima mmoja aniulize, "Mwalimu, hii nayo imeona haya, au tusimame?"

Wameupata kwa sababu ya binti yangu mkubwa, ambaye ni fundi mitambo redioni. Miezi minne iliyopita tulikuwa tunapaka rangi chumba cha kulala, akashusha boksi la viatu kutoka juu ya kabati, akakuta kaseti tano zimeandikwa KIMBUNGA kwa kalamu ya wino mzito, akazichukua kwenda kuzihamishia kwenye kompyuta. Baada ya wiki akarudi ananitazama kama vile ndiyo kwanza tunatambulishwa.

"Baba, huyu ni wewe?"

"Nani mwingine?"

"Mbona uko vizuri?"

Mshauri, mtoto wako akikuuliza mbona uko vizuri, tena kwa mshangao ule, hujui ufurahi au umchape. Mimi nilifurahi. Nimefurahi miezi minne mfululizo. Binti amechagua nyimbo kumi na mbili ambazo hazijawahi kusikika popote, amezisafisha, amezipanga, mkusanyiko mzima ameuita Kimbunga Kilichochelewa, na tunauzindua Jumapili hii saa tisa alasiri kwenye ukumbi wa chuo chetu cha udereva. Mke wangu anawaambia majirani ameishi na msanii miaka ishirini na mbili akidhani ameolewa na mtu wa klachi. Wanafunzi wangu wamejitolea kupanga viti. Na mama yangu, ambaye ana miaka sabini na tano, ameshachagua chake, mstari wa mbele katikati, na anamwambia kila anayepita kwamba mwanawe anatoa santuri.

Sasa nikiri. Zile kaseti hazikuwa zangu.

Mama alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Walikuwa wanawake tisa, na mashuka yakishakauka waliyakunja wawili wawili, huyu ameshika ncha hizi, yule ncha zile, wanakutana katikati, wanaachana, wanakutana tena, na wakati wote huo wanaimba nyimbo walizotunga wenyewe, mama anaanzisha, wenzake wanapokea. Aliyekunja na mama shuka moja kwa miaka mingi alikuwa rafiki yake ambaye sisi watoto tulimwita Mama Mdogo, ingawa hatuna naye udugu wa damu, na ndiye aliyenipeleka shule siku ya kwanza mama alipokuwa zamu. Mwaka mmoja wakaleta redio kaseti kazini wakajirekodi, wimbo na utani na kicheko, mpaka zikajaa kaseti tano. Mama akavunja vile vijipande vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kila kaseti, ili pasitokee mtu wa kurekodi juu yake, akazifungia sandukuni.

Mtu huyo akatokea. Alikuwa na miaka ishirini na moja, alijua ufunguo unapowekwa, hakuwa na kaseti tupu, na alijua kwamba matundu yale ukiyaziba kwa karatasi iliyotafunwa redio inakubali kurekodi kama kawaida. Sikutaka kumuumiza mtu, mshauri, nilikuwa na mistari kichwani, inanisukuma, nikajiambia nitatumia moja tu, halafu moja ikawa mbili, na wimbo mmoja nilikuwa naurudia mara saba nane mpaka upande mzima unakwisha.

Wakati huohuo Mama Mdogo alikuwa anakaa kwetu, wiki sita, kwa sababu paa la nyumba yake lilikuwa linabadilishwa. Alikuwa amewahi kuziomba zile kaseti akazisikilize kwake na mama akamkatalia, akasema hizi haziondoki hapa. Basi Mama Mdogo akarudi kwake, mama akafungua sanduku, hakuna kitu. Kesho yake akasema mbele ya wenzake wote, mashuka yakiwa mikononi, "Aliyezichukua anajijua, na amelala kwangu." Jioni akatusimulia mezani alivyosema. Mimi nilikuwa natafuna. Nikaomba chumvi.

Ndivyo nilivyofanya, mshauri. Niliomba chumvi.

Mama Mdogo akaomba abadilishiwe zamu. Wote wawili wamestaafu, wanakaa mitaa miwili kutoka mmoja kwa mwingine, na huu ni mwaka wa ishirini na sita hawajasalimiana. Mama hukunja mashuka yake peke yake, amelibana shuka kwa kidevu, mikono imetanuka mpaka mwisho, na ukienda kumshikia upande wa pili anakwambia, "Acha, wewe hujui."

Ningekufa na siri yangu, lakini kumbe sikufuta zote. Kila upande, pale rap yangu inapoishia, kuna dakika moja, mbili, zimebaki. Binti alinivalisha hedifoni, wimbo wangu wa nne ukaisha, kukawa kimya kidogo, halafu nikamsikia mama, sauti yake ikiwa bado nyororo, anasema, "Mwenzangu, vuta ncha!" na Mama Mdogo anamjibu, "Nivute nini, wewe ndiye umelegea!" wakacheka wote tisa, na wimbo ukaanza. Nikavua hedifoni.

"Baba, hawa wanawake ni nani?" binti akaniuliza. Hakumtambua bibi yake. "Ulifikiria kuwaweka baada ya mistari? Ulikuwa mbele ya wakati wako!"

Nikamwambia nilikuwa na maono.

Kwa hiyo amewaweka kati ya kila wimbo na wimbo, dakika kumi na tisa jumla, na anasema ndicho kitu kizuri kuliko vyote katika mkusanyiko, na kusema kweli hajakosea. Nimekwenda kwa mama mara mbili kumwambia. Mara zote mbili ameniuliza, "Una nini?" nikasema nina njaa, nikala, nikaondoka. Mama Mdogo sijathubutu hata kupita mtaa wake. Sasa nimshauri binti azikate zile sauti, niseme zinapunguza kasi, mama apate furaha yake Jumapili bila kujua? Au niziache, nitegemee kwamba masikio yake siku hizi si mazuri, ingawa neno soda hulisikia akiwa chumba cha tatu? Nisaidie, sijawahi kuwa na furaha na hofu kwa wakati mmoja hivi.

Ni mimi,
Kimbunga niliyeishiwa upepo


MSHAURI ANAJIBU

Kimbunga,

Nimecheka, sikatai. Taa ya njia panda imenichekesha nikiwa peke yangu ofisini mpaka mtu akaja kuchungulia. Nimeendelea kucheka hadi ulipoomba chumvi. Hapo nikaiweka barua mezani.

Umeniuliza ukate au usikate. Usikate hata sekunde moja. Wanawake tisa walitunga nyimbo wakiwa kazini, na katika dunia nzima zimebaki dakika kumi na tisa, tena kwa bahati tu, kwa sababu pumzi ilikuishia. Ukizikata leo utakuwa umezifuta mara ya pili, na safari hii huna kisingizio cha ujana.

Lakini hilo lilikuwa swali la kumuuliza binti yako. La kwangu umelipitia pembeni. Kijana asiye na kaseti tupu akachukua za mama yake ni mjinga, na ujinga huo hata mimi ningeusamehe kabla chai haijapoa. Kosa lako ni kwamba mwanamke aliyekushika mkono kukupeleka shule ameitwa mwizi kwa miaka ishirini na sita, na wewe muda wote huo ulikuwa na mdomo. Tena mdomo wa rapa! Kumi na mbili zimechaguliwa, zilizoachwa sijui ngapi, na katika maneno yote hayo hukupata matatu ya kusema "ni mimi, mama". Halafu mtoto anakuuliza kwa nia njema, unamjibu una maono. Maono, baba mzima!

Basi. Nimemaliza kukugombeza, kaa sawa unisikilize, maana una bahati usiyoijua. Wengi huniandikia wakati mtu wao wa kuombwa msamaha hayupo tena. Wa kwako wapo wote wawili, wanatembea, wanasikia hata soda. Na unacho cha kuwapa ambacho sijamuona mkosaji mwingine akiwa nacho: sauti zao wenyewe, wakiwa na umri kama wako wa sasa, wakitaniana.

Anza na Mama Mdogo. Usianze na mama yako, najua ndiko unakotaka kuanza kwa sababu ndiko kwenye chakula. Aliyeonewa ndiye anayesikia kwanza. Nenda mchana, peke yako, usibebe zawadi. Ukibeba zawadi mtaanza kuzungumzia zawadi. Ukishakaribishwa, kabla hujakaa, mwambie kaseti ulichukua wewe, ulinyamaza akisingiziwa, na umekuja kuomba radhi. Usieleze blanketi wala biti. Usichekeshe. Nimekusoma, nakujua: ukibanwa unatania. Siku hiyo ukianza utani jiume ulimi. Akikufukuza, ondoka, umestahili. Akikuuliza kwa nini, mwambie uliogopa, halafu nyamaza mpaka aseme yeye.

Kisha muombe ruhusa. Sauti ile ni yake pia, na wewe umeshaitumia mara moja bila kumuuliza. Akisema hataki isikike Jumapili, haitasikika, uzinduzi usogezwe, viti vitapangwa tena.

Kutoka hapo nyoosha moja kwa moja kwa mama yako, siku hiyohiyo, na ukiulizwa una nini usithubutu kutaja njaa. Atafoka. Mwache afoke. Halafu atanyamaza, na huo unyamavu ndio utakaokuuma, kwa sababu atakuwa amekumbuka alichosema mbele ya watu wakiwa na mashuka mikononi. Usimwambie asijali. Ajali. Yeye naye ana safari yake ya mitaa miwili, na ataifanya mwenyewe, kwa miguu yake, siku atakayotaka. Usimsindikize, usiwe mpatanishi, usiwatege wakutane ukumbini mbele ya watu mia na kipaza sauti mkononi. Najua wazo hilo limeshakupitia. Futa hilo, kwa kuwa kufuta unajua.

Binti yako mwambie usiku wa leo, usilale kabla hajajua, na mwambie pia yale majigambo ya maono uliyatoa wapi. Atakucheka miaka kumi. Halafu mkae naye mwandike kwenye jalada majina ya wanawake wote tisa, ya kweli, kwa herufi zilezile za jina lako, si zile ndogo za chini. Walio hai waalikwe. Waliotangulia, waalikwe watoto wao, maana kuna mtu hapo mtaani kwenu hajasikia mama yake akicheka tangu alipomzika, na wewe unacho kile kicheko ndani ya boksi la viatu.

Ukishayafanya hayo, panda jukwaani Jumapili, ingiza tumbo ndani, urap kwa nguvu zako zote. Nasema kwa dhati. Furaha yako si ya wizi, ni kaseti tu zilizokuwa za wizi.

Neno la mwisho. Nimeficha jina lako kama tunavyoficha ya wote. Ila sijui ni walimu wa udereva wangapi wanaozindua rap Jumapili hii saa tisa, na mama zao waliwahi kuimba wakikunja mashuka ya hospitali. Wasomaji wangu waaminifu kuliko wote ni akina mama waliostaafu, na gazeti hili linaanza kuuzwa saa kumi na mbili asubuhi. Kama unalisoma sasa na bado uko nyumbani, vaa viatu.