Panya Hawakulala

Jumanne, Lushoto

Hawakulala! Daktari Samweli, msimamizi wangu, alishikilia kwamba majani ya bibi yangu yanaleta usingizi tu, hayatulizi hofu. Leo tuliwanywesha panya kadhaa dawa ya majani yale, wengine maji matupu, tukawaweka juu ya kibao chenye njia mbili: moja ina kuta, nyingine iko wazi. Panya mwenye hofu hujibanza penye kuta. Waliokunywa maji matupu walijibanza. Waliokunywa dawa walitoka hadi njia ya wazi, macho makavu, wakinusanusa.

Daktari alihesabu mwenyewe mara mbili. Kisha akasema, "Kwenye ripoti andika jina la bibi yako. Ujuzi ni wake."

Ninaogopa bado. Panya walikuwa wachache, na tukirudia wiki ijayo huenda...

Jioni nilimpigia simu bibi, kijijini Bungu.

"Shikamoo bibi. Dawa yako imewatuliza panya."

"Marahaba mjukuu wangu. Shangazi yako ilimtuliza alipofiwa, hukuamini. Umewaamini panya?"

Nikamwambia jina lake litaandikwa.

"Andika Raheli," akasema polepole. "Raheli Mahimbo, yote mawili."