Samaki Tuliowaokota Kabla Mkaguzi Hajafika

Bibi yetu, shikamoo. Barua hii nimeiandika nikaichana, nikaandika tena, maana hata dada yangu wa tumbo moja sijamwambia.

Mimi nabanika samaki na mama mkwe wangu, tanuri ni lake, na juu kidogo ya ukingo wetu pana kiwanda cha ngozi chenye bomba linalotema maji meusi yenye povu mtoni, na kila wakilifungua, asubuhi yake samaki huelea tumbo juu, wengine bado wanahema, matamvua yamegeuka rangi ya kutu, nasi wanawake tunawahi na vikapu, tunawaokota wote, tunawabanika, chumvi na moshi vinaficha harufu, wanauzwa masoko ya mbali. Mara ya kwanza nilisita, mama mkwe akanicheka: "Aliyekufia majini na aliyekufia wavuni wana tofauti gani? Wote maiti."

Basi akaja mkaguzi wa maji, kijana mwenye adabu na buti mpya, maana watu wa chini ya mto walilalamika, akapita ukingo mzima akiuliza kama tumeona samaki waliokufa, tukamjibu kwa sauti moja kwamba hapa samaki ni wazima, karibu ununue, na kweli hakuona hata mmoja kwa kuwa tulikwisha kuwaokota, akajaza chupa zake maji yaliyokuwa yameshatulia, akaenda zake, tukamcheka hadi machozi, na jioni ileile bomba likafunguliwa.

Sasa Bibi, kitindamimba wangu hashiki chakula, anatapika, miguu imevimba, na ni mimi niliyemlisha vile vipande vilivyovunjika visivyouzika, ilhali paka wetu alivinusa akaondoka. Mkaguzi aliacha namba ya simu. Mama mkwe anasema nikipiga nitakuwa nimezima majiko yote ya ukingoni, na mume wangu anasema mama akishasema yamekwisha. Nifanye nini?

Mbanikaji wa ukingoni

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimesomewa mara mbili, na chai yangu imepoa sijaigusa.

Kwanza mtoto. Miguu imevimba nawe umekaa unaandika barua? Mpeleke hospitali leo, na ukifika usione haya ukasema "alikula kitu". Sema alikula samaki waliouawa na maji ya kiwanda cha ngozi, na useme tangu lini. Daktari hapigi ramli. Kama atapona sijui, na sitakudanganya.

Sasa wewe. Nakuhurumia. Tanuri si lako, na mama mkwe ni mama mkwe. Mimi mwenyewe ni mama mkwe wa watu, najua tunavyoweza kumkaa mtu kooni. Lakini usiniambie ni njaa tu, maana njaa haichekeshi, na nyinyi mlimcheka yule kijana. Kiwanda kinaua samaki, nanyi kila asubuhi mnakifagilia uwanja, tena kwa vikapu vyenu wenyewe. Na huko masoko ya mbali yupo mama kama wewe anamvunjia mwanawe kipande. Huyo pengine hana paka.

Mama mkwe wako mwambie nimemjibu hivi: aliyekufia wavuni tunamjua muuaji wake. Aliyekufia majini, kilichomuua bado kimo ndani yake.

Piga simu. Usingoje ruhusa ya mumeo. Mwambie mkaguzi mlimdanganya, na bomba likifunguliwa umwite saa hiyohiyo, asije keshokutwa kutazama maji safi. Samaki waacheni walipo awaone kwa macho yake. Wachache wanaohema watie kwenye barafu, wabichi, wakapimwe, maana ukishawabanika umewaziba midomo. Walioko ghalani asiuzwe hata mmoja. Mkaguzi achukue anaowataka, waliobaki wazikeni, msiwatupie mbwa. Na wale wachuuzi wenu wa mbali wapelekeeni habari, hata wakiwatukana.

Wenzio watakununia, na jiko litapoa kweli, sikufichi. Anayekuchukia leo mwache achukie, mradi watoto wake wale kitu kingine.

Na yule paka mtafutie maziwa. Katika nyumba yenu nzima, ndiye peke yake aliyekataa.