Mkono wa Kaka Yako na Kijiko cha Trekta

Nyumba ya pili baada ya ghala la mbao,
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa shemeji yangu, Mrefu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshaizoea baridi ya huko, na kile kikohozi kimekuachia. Sisi tunaendelea. Mama magoti humsumbua asubuhi, lakini jua likipanda anatembea vizuri. Mapacha wameng'oka meno ya mbele wote wawili wiki moja, utadhani walipanga. Ukiwasikia wakitamka jina lako utacheka mwenyewe.

Tumefurahi kusikia umepata kazi kwenye shamba la maua, na kwamba watakukabidhi trekta dogo lenye kijiko cha mbele cha kuzolea udongo, kama letu. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza kulikoni. Kaka yako aliinuka akaingia ndani. Baadaye akaniita chumbani akasema, "Mwandikie. Mwambie yote." Ndiyo maana nimekaa hapa mezani na mlango nimeufunga.

Shemeji, kuna jambo ulifichwa. Kila ulipopiga simu ukaambiwa kaka yako yuko kazini au amelala, haikuwa hivyo. Alikuwa hospitali, na baadaye alikuwa kitandani amegeukia ukuta. Mama ndiye aliyekataza usiambiwe. Alisema uko mbali, peke yako, utalia bila mtu wa kukushika bega. Usimkasirikie.

Kaka yako hana mkono wa kulia. Umekatwa juu ya kiwiko. Yu hai, anakula, anatembea, akili zake timamu. Nimetanguliza hilo ili usisome kwa kukimbia ukitafuta baya zaidi.

Siku ya ajali alikuwa anampakilia mkulima wa mboga samadi. Akaona mafuta ya haidroliki, yale yanayosukuma kijiko, yanachuruzika kwenye bomba moja la mpira karibu na kile chuma kinachoinua kijiko. Unamjua kaka yako, hawezi kuona kitu kinavuja akakipita. Akazima injini, kijiko akakiacha juu, hakukiwekea nguzo wala gogo, akaingia chini yake na spana. Injini ikizimwa mtu hudhani na chuma kimelala. Kumbe kinachokishikilia kule juu ni yale mafuta tu yaliyobanwa ndani ya mipira. Alipolegeza nati, mafuta yakaruka, na kijiko kikashuka chote kwa mara moja.

Mimi nilikuwa naanika nguo. Nilisikia kishindo, halafu kimya. Nilipofika nilimkuta kichwa na kifua viko nje, Mungu alimwepushia hapo, lakini mkono ulikuwa katikati ya chuma na chuma. Akanitazama, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba maji, "Usivute."

Yule mwashi jirani yetu aliruka ukuta na jeki ya gari na vipande vya mbao. Akainua kidogo, akapachika ubao, akainua tena, akapachika mwingine. Moyoni nilikuwa namlaani kwa kutofanya haraka. Leo najua kwamba jeki ingeteleza, kile chuma kingemmaliza. Hospitali walijaribu kuuokoa mkono, wakashindwa.

Aliporudi nyumbani hakuwa yule unayemjua. Hakutaka wageni, hakutaka kulishwa, hakutaka kujilisha. Mapacha walikuwa wakimchungulia mlangoni kama wanaangalia mgeni. Trekta tulilifunika turubai, na Mama akawa anapita kwa nyuma ya nyumba ili asilione. "Lile dude liondoke hapa," alisema kila siku, na mimi nilikuwa nakubaliana naye.

Kisha zikaja mvua kubwa. Udongo wa kilima uliporomoka ukalalia nyumba ya mwashi kwa upande wa vyumba vya kulala. Akaja kwetu, amelowa, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Hakuomba kitu. Alisema tu, "Udongo umefika dirishani. Ukuta unapumua."

Shemeji, ningemwambia nini mtu yule? Kuendesha trekta najua, tela nimevuta sana. Kijiko nilikuwa nimekijaribu tu kwa mchezo uwanjani, kaka yako akinicheka. Nikachukua funguo msumarini. Kaka yako aliniona. Akageukia ukuta tena.

Mwanzo kazi ilinikubali. Nikapata kiburi kidogo. Nikajaza kijiko udongo mbichi hadi pomoni, nikakiinua juu sana kwa sababu niliogopa kugonga mawe, halafu nikakata kona nikipita ubavu wa mteremko. Nikahisi kiti kinanyanyuka upande mmoja. Gurudumu la nyuma lilikuwa limeacha ardhi. Sijui kama umewahi kuona dunia ikiinama taratibu namna ile. Nikaukamata usukani kwa mikono miwili.

"Mama Pacha! Shusha kijiko! Shusha! Usukani usiuzungushe!"

Nikashusha. Gurudumu likarudi chini kwa kishindo hadi meno yangu yakagongana. Nilipogeuka nikamwona kaka yako barabarani, miguu peku, suruali ya kulalia imejaa matope, kile kigutu cha mkono kinatikisika chini ya shati. Hakunikimbilia. Alisimama mbali na kijiko, akaniamuru mambo moja baada ya jingine: kijiko kilale kabisa chini, breki ya mkono, zima injini, toa ufunguo. Nilipomaliza akasema, "Sasa lia."

Nikalia, shemeji. Na yeye akalia, palepale kwenye tope, mwashi akijifanya anasafisha koleo lake.

Baada ya hapo hakurudi kitandani. Alituamuru tulete lile pipa alilolijaza zege zamani, tukalifunga nyuma ya trekta, maana mbele kukiwa na mzigo na nyuma kukiwa kwepesi, trekta linageuka kuwa mbuzi wa kuruka. Aliniagiza nifunge mkanda, na akakagua kama ule upinde wa chuma nyuma ya kiti, unaomkinga dereva trekta likipinduka, umesimama na haujalegea. Kisha akanielekeza, kwa sauti tu, hadi ikakauka. Tuliondoa udongo wote. Ukuta wa mwashi una ufa, lakini umesimama. Usiku huo kaka yako alikula mezani nasi, kijiko cha chakula mkono wa kushoto, mchuzi ukimwagika, na Mama akijitahidi asitazame.

Sasa yeye hukaa kwenye benchi akinisimamia, na mimi ndiye dereva. Ni mkali kuliko mwalimu wa hesabu. Na haya anataka yakufikie wewe. Mzigo ubebe chini, karibu na ardhi, uone mbele. Kwenye mteremko panda na ushuke wima, usikate ubavu, na kona uikate polepole. Asipite mtu chini ya kijiko kilichoinuliwa, hata akiwa bosi wako, na usikubali mtu apande humo kuchuma tunda wala kufunga taa. Usishuke kitini kabla hujakilaza chini, ukazima, ukavichezesha vishikio vya kijiko ili nguvu iliyobaki kwenye mafuta iishe. Ukiona mpira unavuja, usiupapase kwa kidole kutafuta tundu. Mafuta yale hutoboa ngozi. Chukua kipande cha kadibodi ukipitishe hapo badala ya kidole. Na ukiambiwa tengeneza haraka gari linasubiri, liache lisubiri.

Nilimuuliza kama anajuta kununua trekta. Akasema anajuta kwamba alilijua sana hadi akaacha kuliogopa. Nikamfunga vifungo vya shati. Viwili vya chini anafunga mwenyewe siku hizi.

Mama anakusalimu, na anasema ulale mapema. Mjomba fundi saa anakusalimu. Shangazi wa kanisani anakuombea kila Jumatano na anataka ujue hivyo. Mwashi na mkewe wanakusalimu. Mapacha wamekuchorea trekta, limo humu ndani ya bahasha, wameliwekea magurudumu saba.

Mwisho, kaka yako anauliza kama trekta la huko lina mkanda na upinde wa chuma, na kama wamekufungia uzito nyuma. Dai, shemeji. Wakikuona msumbufu, wakuone. Na kama hawataki, anasema ufunge mzigo wako urudi, usione haya. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema: "Mwambie hapa tuna kazi ya kutosha na mikono mitatu. Akija yeye itakuwa mitano."

Mungu akulinde uendako na akurudishe mzima kama ulivyotoka.

Akupendaye na kukukumbuka daima,
shemeji yako,
Mama Pacha.