Bakuli la Tano

Tororo
10 Oktoba 1977

Kwa mdogo wangu Fauziya,

Salaam nyingi kutoka kwetu. Natumai wewe, shemeji na mtoto hamjambo huko Busia. Sisi huku tu wazima wa mwili, ila Mama ananimaliza.

Keti kwanza. Unayakumbuka mabakuli sita ya Mama, yale ya ndege wa kijani yenye vifuniko, aliyoyanunua kwa yule Mhindi wa karibu na stesheni kabla Wahindi hawajafukuzwa? Matano hayapo. Jana alifungua kabati kuyahesabu kwa ajili ya Idi Kubwa, akakuta moja limekaa peke yake. Alipiga kelele hadi mwadhini akatuma mtu kuuliza kama tuna msiba.

Nimemwuliza kama hakuyapeleka kwa watu. Anasema ndiyo, Idi Ndogo aliyapeleka na pilau kwa majirani kama kila mwaka, na yakarudi kama kila mwaka. Nani aliyarudisha? Hakumbuki. Lakini yalirudi, maana hurudi siku zote! Basi mwizi ni Agwang.

Agwang ni yule mjane aliyetoka kijiji cha Kiyeyi, anayekaa chumba chetu cha uani, ulimwona ulipokuja mara ya mwisho. Hutusaidia kuosha vyombo, ndiyo kosa lake. Mama alipomshika shati, yule mwanamke alisema tu: "Mama, mimi naiba bakuli ya nini? Hata chakula ya kuweka ndani sina."

Hapo ningecheka, ila Wahabi alikuwepo. Wahabi huyo huyo, binamu wa mume wangu, anayepeleka kuni kwa wanajeshi kambini Rubongi kila Ijumaa na kurudi akitembea kama amevishwa nyota. Akasema, "Bibi, niachieni mimi. Naongea neno moja tu huko, basi." Fauziya, unajua mtu akitajwa kule harudi kutueleza walimwuliza nini. Mama, kwa hasira zake, amempa Agwang muda: mabakuli yasipoonekana kabla ya Ijumaa ya mwisho kabla ya Idi, Wahabi aseme neno lake.

Nisaidie kufikiri. Barua nimempa Norah, yule mchuuzi anayevuka mpaka na magunia yake, maana za posta husomwa na watu wengi kabla ya mwenyewe.

Dada yako mkubwa aliyechoka,
Hajarah


Busia, Kenya
14 Oktoba 1977

Dada yangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Sisi hatujambo, mtoto ananyonya na kulala, baba yake naye vivyo hivyo, isipokuwa kunyonya. Norah amefika na barua yako chini ya gunia la vitunguu, nami nimeisoma huku nikilia, sijui kwa habari au kwa vitunguu.

Usiwe na wasiwasi. Sisi ndio tuliomkamata aliyekuwa akila mayai ya imamu, umesahau? (Imamu mwenyewe.) Kazi hii ni yetu.

Agwang usimshuku. Mtu akiiba bakuli Tororo atalipeleka wapi? Kila mwanamke mjini anawajua wale ndege. Wewe nenda nyumba zote zilizopelekewa pilau. Usiulize chochote, tafuta kisingizio, ingia mpaka jikoni, tumia macho. Kisha niandikie kila kitu, hata kile unachokiona hakina maana. Barua zako zote naziweka pamoja kwenye chombo chenye kifuniko, maana panya wa nyumba hii hawachagui. Hilo ndilo faili la kesi.

Na wewe Hajarah, punguza hasira unapochunguza. Watu wakikuona umekunja uso hivyo watadhani umetumwa na serikali.

Mdogo wako mwenye akili,
Fauziya


Tororo
21 Oktoba 1977

Kwa Fauziya mwenye akili,

Salaam. Hatujambo, miguu yangu ndiyo imevimba. Ingekuwa vizuri mwenye akili naye angekuwa mwenye kutembea.

Nimekwenda nyumba nne. Kwa Prossy, mke wa mwalimu, nilisema naomba moto. Jikoni kwake moshi ulikuwa ukitoka, nikauona kwa macho yangu, lakini alisimama mlangoni akasema, "Moto umezima, dada." Kwa Apolot nilisema nimesikia anaumwa. Akasema haumwi, asante, na akafunga mlango akiwa bado anasema asante. Mke wa imamu alinitolea kigoda nje, juani, akanishika mkono nisiinuke kwa nusu saa nzima. Sijawahi kupendwa namna ile.

Kisha nikaenda kwa Wahabi mwenyewe, kwa sababu naye alipata pilau. Yeye hakuwepo. Mkewe, Hajati, aliponiona alirudi ndani mbio, nikasikia vyombo vikigongana, akatoka na jasho kusema nyumba ina siafu. Nikamwambia siogopi siafu. Akasema hawa ni wakubwa.

Sasa nimebaki kuchanganyikiwa. Je, mtaa mzima umekula njama kumwibia mwanamke wa miaka sabini? Na siwezi kuuliza, Fauziya! Unamjua Mama alivyotulea. Ukimwuliza mtu chombo chako kiko wapi, umemwambia kwamba unadai alichopaswa kukiweka ndani. Heri umtukane mamake.

Nyumbani Mama ameanza kuficha vijiko. Agwang haoshi tena vyombo, ameambiwa asiviguse. Anakaa mlangoni pake tangu asubuhi amekunja mikono, na mimi kila nikipita nakosa pa kuweka uso. Jana aliniuliza, "Hajarah, Ijumaa gani?" Nikajifanya sikusikia. Nimeona haya mpaka sasa.

Dada yako,
Hajarah


Busia, Kenya
28 Oktoba 1977

Dada,

Salaam na pole ya miguu. Sisi wazima. Nilipomaliza barua yako niliisoma mara ya pili kwa sauti, mume wangu akiwa anakula, na akaniuliza kwa nini nacheka wakati kuna mtu ataumizwa. Simcheki yeye. Nacheka kwamba jibu umeliandika mwenyewe na hukuliona.

Mama alitufundisha nini? Jirani akikuletea chakula, chombo chake humrudishii kitupu. Unaweka mayai, au sukari, au japo kikombe cha unga. Sasa niambie, tangu Idi Ndogo, nani Tororo ameona sukari? Nani ana mayai ya kugawa? Prossy hawezi kumrudishia Mama bakuli tupu, atakufa kwa aibu. Kwa hiyo anangoja apate kitu. Wiki ikapita, ukapita mwezi, na sasa akirudisha ataulizwa lilikuwa wapi. Hajarah, hakuna mwizi! Kuna wanawake wanne wanaoficha mabakuli uvunguni na kuomba Mungu mama yetu asipite.

Dawa ni hii. Norah anakuletea sukari kilo mbili. Imefungwa mafundo manne na kuzikwa katikati ya gunia la omena, wale dagaa wa ziwani wanaonuka, maana askari wa vizuizini hawapendi kuingiza mikono humo. Amesema niwaambie, "Hii sukari nikishikwa nayo, mtanizika nyinyi wenyewe," kwa hiyo mpe chai nzuri. Peleka fundo moja kila nyumba. Sema ni sadaka yangu, mtoto wangu ameota meno. Mtoto hana hata jino moja, lakini nani atavuka mpaka kuja kumchungulia mdomo?

Kisha kaa nyumbani ungoje.

Mdogo wako, ambaye sasa unaweza kumwita Inspekta,
Fauziya


Tororo
12 Novemba 1977

Kwa Fauziya,

Salaam. Tu wazima, alhamdulillahi. Najua umengoja barua hii wiki mbili. Norah alikaa siku sita upande wa Busia yetu ya Uganda kwa sababu barabara ilifungwa, hakuna aliyeambiwa kwa nini, naye hakuuliza. Gunia lilifika. Omena zilifika. Norah alifika akiwa hataki kuzungumza na mtu wa ukoo wetu. Nimempa chai.

Nikagawa sadaka ya meno. Kesho yake asubuhi, kabla sijamaliza kufagia, Prossy akaingia na bakuli limefunikwa kwa kitambaa. "Mama, pole nimekawia." Ndani, nusu ya fundo. Saa nne Apolot. Adhuhuri mke wa imamu, akisema alikuwa anaumwa tangu Septemba. Jioni Hajati mke wa Wahabi, kapita njia ya uani, kaliweka jikoni, kakimbia. Siafu wakubwa kweli!

Sukari yote inanuka omena. Mama ameonja chai, akaonja tena, akasema sukari ya siku hizi si kama ya zamani. Nimekubali kwamba una akili. Nalisema mara moja tu.

Sasa usifurahi. Manne yamerudi, la tano halipo. Mama anasema manne hayo sawa, yaliazimwa, lakini la tano kaliiba Agwang. Nimemwambia, Mama, ulikosea kwa manne! Anasema ndiyo sababu lazima awe na haki kwa moja. Na Wahabi, tangu ajue kwamba bakuli moja lilikuwa nyumbani kwake, amekuwa mbaya kuliko mwanzo. Ameaibika na anataka mtu wa kulipia aibu yake. Anasema Ijumaa ya tarehe 18 lori lake liko njiani na neno lake liko mdomoni.

Pilau ya Idi ilikwenda nyumba nne, nimehesabu na kuhesabu. Bakuli la tano lilikwenda wapi? Fikiri, Inspekta. Fikiri haraka, sina mzaha tena.

Hajarah


Tororo
16 Novemba 1977

Fauziya,

Salaam fupi. Aliyekuletea barua hii ni Agwang mwenyewe, amekuja na Norah. Sikungoja jibu lako. Jana Wahabi alimwuliza mbele yangu jina la baba yake na kijiji chake, akaliandika kwenye karatasi. Mfiche, mlishe, mwambie ni mfanyakazi wako. Mama nimemwambia amekwenda Mukuju kwenye matanga.

Naogopa, mdogo wangu. Kwa bakuli!

Dada yako


Busia, Kenya
17 Novemba 1977, asubuhi

Dada yangu, dada yangu mkubwa mwenye subira,

Agwang amefika salama. Soma hadi mwisho kabla hujanilaani.

Nilimkaribisha, nikampa ugali, nikaisoma barua yako nikalia. Halafu nikanyoosha mkono kwenye rafu, nikafunua faili la kesi nikaiweka barua yako pamoja na zile nyingine. Nikamsikia Agwang ameacha kula. Anatazama mkono wangu. Akasema, polepole, "Fauziya. Hiyo ndege iko rangi gani?"

Ya kijani, Hajarah. Ndege wa kijani.

Mama alikuja nalo Agosti, arobaini ya mtoto, likiwa na halua. Nilisema nitalirudisha na sukari. Kisha nikafikiri, sukari italiwa kizuizini na askari, ngoja nipate kitu kingine. Kisha mtoto akaumwa. Kisha likakaa pale na nikaacha kuliona. Mwezi mzima naandika juu ya mabakuli ya Mama, nikifungua kifuniko kile kile na kufunga. Mume wangu ametoka nje ili acheke vizuri.

Agwang naye alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia, na mimi nikalia zaidi yake. Nimemwomba msamaha kwa magoti. Nilitaka abaki hapa, bakuli lije na Norah peke yake. Amekataa. Amesema, "Mimi ndio waliita mwizi. Mimi ndio nabeba." Anaondoka sasa hivi. Chini kuna sukari, juu omena.

Mwambie Mama ni mimi. Mwambie Wahabi ni mimi. Waambie wote.

Mdogo wako asiye na akili,
Fauziya


Tororo
24 Novemba 1977

Kwa Fauziya, mwizi,

Salaam. Idi imepita vizuri, Mama anakusalimu kwa maneno ambayo sitayaandika.

Agwang aliingia Ijumaa asubuhi akitokea upande wa sokoni, bakuli kichwani, akitembea katikati ya barabara ili kila mwenye macho aone. Kizuizini askari alifunua, akanusa, akafunika. Alipofika kwetu lori la kuni lilikuwa tayari linaunguruma. Nilisimama mbele ya lori na ufagio. Nikamwambia Wahabi, mwizi amepatikana, anaitwa Fauziya, yuko Busia ya Kenya, nenda kawapeleke wanajeshi wako wakamkamate. Nipe na ile karatasi. Hajati alikuwa amesimama nyuma yangu. Akanyoosha mkono, na Wahabi akaitoa mfukoni. Nimeichoma chini ya chai. Lakini kambini alikwenda, na siku nzima sikuweza kukaa mpaka lori lilipomrudisha jioni peke yake, bila askari, anaomba chai. Nikampa bila sukari, na sukari ipo.

Mama hakumwambia Agwang pole. Unamjua. Lakini Jumatatu ya Idi alipika mwenyewe, akajaza lile bakuli la tano mpaka kifuniko kikakataa kushika, akavuka ua kwa lile goti lake hadi mlangoni pa Agwang. Akasema, "Kula, mwanangu." Sijamsikia akimwita mtu hivyo tangu uolewe.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo Alhamisi. Bakuli halijarudi. Agwang anapita nyuma ya choo ili asionane na Mama, na asubuhi nimemkuta akihesabu mayai ya kuku wake mmoja, yaani hakuna. Mama ameshafungua kabati mara mbili. Saa hii hii amesema, "Hajarah, lile bakuli..." Nikamkazia macho mpaka akakumbuka ana uji jikoni.

Tuma sukari. Kidogo tu, na safari hii iwe mbali na omena.

Dada yako,
Hajarah