Magoti ya Mama na Chuma cha Asali

Mpendwa Mama Mshauri,

Shikamoo. Huku kwetu nje kidogo ya Tabora, upande wa Kipalapala, gazeti lenu tunalisoma kwa zamu baada ya misa, na nimeona unavyowajibu watu wazima bila kuwaficha, kwa hiyo nami naomba unisaidie, ingawa ni mwanafunzi wa kidato cha tatu na jambo langu si la mapenzi, ni la magoti ya mama yangu.

Baba ananunua asali kwa wafugaji wa nyuki wa Ulyankulu na kuiuza mjini, na ana gari dogo ambalo nyuma hubeba kila kitu, mahindi, mbuzi, mafuta ya taa ya duka la mjomba, na kwa kuwa asali hunasa harufu upesi, siku moja mteja alionja akauliza kama nyuki wetu wanakunywa mafuta ya taa, na tangu hapo baba aliapa kwamba asali haitakaa nyuma tena. Alikwenda kwa fundi wa kuchomelea, wakang'oa kile kifuniko cha plastiki kilichokuwa chini ya dashibodi, mbele ya magoti ya abiria, wakaweka fremu ya chuma ya kushikilia madumu mawili, akarudi nyumbani na furaha akatuita sote tukaione. "Asali ni mgeni," alisema, "na mgeni hakai nyuma na mbuzi." Kile kifuniko kilitupwa bandani na sasa kuku wetu mwekundu anatagia humo.

Kwetu kiti cha mbele ni cha mama, ni heshima yake na hakuna mtoto anayekigusa, lakini sasa heshima yenyewe ndiyo hii, kwamba nyayo zake hazifiki sakafuni, amezipandisha juu ya madumu, na magoti yako karibu na pembe ya chuma kiasi kwamba kiganja changu hakipiti katikati. Akichoka kujikunja huvua viatu akaweka miguu juu ya dashibodi, pale pale palipoandikwa kwamba ndani kuna mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Mkanda anauvuta tukikaribia trafiki, tukiwapita anauachia unarudi zake, maana baba anasema mkanda ni wa trafiki.

Kiangazi kilichopita tulikuwa tunarudi kutoka Ulyankulu, ng'ombe wakakatiza barabara na baba akakanyaga breki kwa nguvu, na hatukugonga kitu, hakuna hata ng'ombe mmoja aliyeguswa, lakini mama aliteleza mbele na goti lake la kulia likakutana na chuma, nikasikia mlio ambao mpaka leo nausikia, na baba alipoweza kusema neno aliuliza kama madumu yamepasuka. Mama mwenyewe ndiye aliyejibu kwamba yako salama.

Goti lilivimba, likanywea, lakini halijawa kama zamani. Palizi anaifanya akiwa amekalia kigoda na kukisogeza mstari hadi mstari, na kanisani wakati wa mageuzo ya mkate na divai, watu wote wakipiga magoti, yeye anabaki ameketi, mama ambaye zamani alikuwa wa kwanza kushuka, na nimemsikia mwanamke mmoja wa jumuiya yetu akinong'ona kwamba tangu mume apate gari mama huyu ana majivuno hata mbele ya Mungu. Nilitaka kugeuka nimjibu lakini mama alinibana mkono.

Nimejaribu kusema, Mama Mshauri. Mwalimu Octavian wa fizikia ametufundisha kwamba gari likisimama ghafla aliyemo ndani anaendelea na mwendo ule ule mpaka kitu kimzuie, nikawaza kwamba kwa mama kitu hicho kama si mkanda basi ni kile chuma, nikamwendea baba kwa adabu akiwa anaosha gari.

"Umemaliza fizikia ya shule," akaniuliza, "sasa unasoma ya gari langu?"

Nikasema hapana baba, ni kwa ajili ya mama tu. Akasema, "Mama yako alikuwa na goti lile kabla sijanunua gari." Nikaenda kwa mama, naye akaendelea kuchambua maharage. "Niache, mwanangu. Mimi na chuma tumeshazoeana. Ukimsumbua baba yako atasema nimekutuma."

Mtu pekee anayelisema jambo hili waziwazi ni Mzee Fikiri, fundi cherehani, ambaye ni Mzaramo na mtani wa baba, lakini yeye ni mzaha tu. Siku alipoiona ile fremu alizunguka gari lote kama mnunuzi, akasema, "Ninyi Wanyamwezi hamponi. Babu zenu walibeba mizigo kichwani kutoka hapa mpaka kwetu pwani, leo mna gari na bado mnamtwisha mtu, ila sasa mmehamia magotini. Chuma hiki nitakichukua nikichomee mishikaki kwenye msiba wako." Baba alicheka mpaka akashikilia mlango wa gari, kisha akampa chupa ya asali, na mambo yakaishia hapo.

Mwezi ujao kaka yangu Anton anafunga ndoa Ulyankulu, na mama wa bwana harusi hawezi kukaa nyuma, na asali ya karamu nayo lazima iende, na barabara ni ile ile na ng'ombe ni wale wale. Kwa hiyo nimefikia uamuzi na naomba uniambie kama ni mzuri. Nitasema kwamba nikikaa nyuma natapika, ili nikae mbele mimi, kwa sababu mifupa yangu ni michanga na nimesikia kwamba ya vijana huunga upesi. Je, ni dhambi kumdanganya baba kwa jambo kama hilo? Na nikiwa pale, nikunje miguu namna gani ili nikiumia niumie kidogo?

Jina langu nimeliandika nyuma ya bahasha. Kwenye gazeti naomba uniite Advera, na majina mengine uyabadili pia.

Mwanao mwenye matumaini,
Advera

* * *

Advera mwanangu, marahaba.

Nilisoma barua yako, nikaenda kuchemsha chai ili hasira ipungue, nikairudia. Haikupungua. Basi nakujibu nayo hivyo hivyo.

Tuanze na huo uamuzi wako ili tuutupe. Hukai pale. Unaniuliza namna nzuri ya kukunja miguu mbele ya chuma, haipo. Gari likigonga, goti husukumwa, na goti likisukumwa, nguvu hupanda kwenye paja mpaka kwenye nyonga, na njiani haiulizi kama mwenye paja amezaa watoto au yuko kidato cha tatu. Magoti yako si ya akiba ya familia. Nyumba yenu imefika mahali ambapo mnapanga nani aumie, na chuma peke yake ndicho ambacho hakuna anayekipangia safari.

Kuhusu kudanganya, sina haja ya kukujibu, kwa kuwa hutadanganya.

Baba yako simwiti mtu mbaya. Aliona tatizo la harufu akalitafutia dawa, na wengine hata hilo hawafanyi. Ila alimtafutia asali kiti kisha akamnyang'anya mke wake. Kile kifuniko walichong'oa hakikuwa pambo. Waliolitengeneza gari walikiweka mbele ya magoti kwa makusudi, kibonyee, hata kivunjike, ili mguu usivunjike. Sasa kinamlinda kuku. Nimeandika mambo mengi katika safu hii, sikutegemea siku moja nitamwonea wivu kuku.

Na wewe, mama wa Advera, najua utasomewa au utasoma. "Tumeshazoeana." Mtu huzoeana na jirani, hazoeani na pembe ya chuma. Binti yako yuko tayari kuvunjika miguu kwa sababu wewe hutaki kuonekana umemtuma. Basi mtume. Goti lililogongwa kiangazi na hadi leo linakalishwa kwenye kigoda linahitaji kupigwa picha hospitalini, si kuvumiliwa. Nenda kabla ya harusi, na mwambie daktari ukweli kwamba uligonga chuma, usimwambie ni uzee.

Sasa, Advera, kazi yako. Umeniandikia dawa kwa mkono wako mwenyewe kisha ukaipita kama mtu aliyeruka kisima akienda kutafuta maji. Mzee Fikiri. Mimi pia ni Mnyamwezi, na nimekulia katika utani huo ambao babu zetu waliurudisha kutoka pwani pamoja na vidonda vya mabega. Mtoto hawezi kumwambia baba yake "ondoa", mke wake naye anaogopa, lakini mtani akisema "hiki nachukua", huchukua, na mwenye mali hucheka, maana akikasirika ndipo anapojiaibisha mbele za watu. Huyu mzee ametangaza kwamba anakitaka chuma. Tatizo ni kwamba alitangaza bila kujua. Kwake ni fremu ya kuchekesha. Hajui kuhusu breki, hajui kuhusu kigoda, hajui kwa nini mama yako anaketi wakati wa mageuzo. Nenda kwenye cherehani yake mchana, msalimie, mweleze yote, kisha mwambie, "Babu, ile mishikaki isisubiri msiba." Kama ni mtani wa kweli hutahitaji kuongeza neno.

Aje na fundi na spana, mbele ya watu, baba akiwa nyumbani. Hilo ni muhimu. Kikiondolewa kwa siri ni wizi, kikiondolewa kwa kelele ni utani. Akicheka, na atacheka, wewe utokee na kile kifuniko mkononi, kimeoshwa, mayai yameshatolewa, fundi akirudishe palepale kabla kicheko hakijaisha. Kikiwa kimepasuka, vya mtumba vipo kwenye maduka ya vipuri. Wasiweke ubao badala yake, wala rafu ndogo "ya chupa tu". Mbele ya magoti kusiwe na kitu kigumu ambacho hakikutoka na gari.

Halafu kiti. Kirudishwe nyuma kadiri mama anavyoweza na bado akae wima, mgongo uguse kiti, nyayo zote mbili ziwe sakafuni, na sakafuni pasiwe na dumu, kikapu wala viatu vya harusi. Mkanda uvutwe ukaze, sehemu ya chini ipite kwenye mifupa ya nyonga, si tumboni, kwa sababu mkanda uliolegea humwacha mtu ateleze chini yake, na magoti ndiyo hutangulia. Miguu juu ya dashibodi, marufuku. Ule mfuko wa hewa hufumuka kwa kasi ambayo hutakuwa na muda wa kushusha hata kidole, na miguu iliyo juu yake hurudishwa usoni kwa mwenye miguu.

Asali iende nyuma, kwenye sanduku lenye kifuniko, imefungwa kwa kamba isiruke. Mafuta ya taa yasubiri siku nyingine, hayakualikwa harusini.

Na wewe baba, kwa kuwa najua katika safari hii ya gazeti kwa zamu utafikiwa: trafiki hana haja na mkanda wako. Yeye anasimama barabarani, ninyi ndio mnaokwenda. Siku ile uliuliza kuhusu madumu kwa sababu uliogopa, na mtu mwenye hofu hutaja kitu cha karibu na ulimi. Hilo nakusamehe, lakini nakusamehe mara moja tu. Leo jioni muulize mke wako kuhusu goti, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize.

Advera, nimeona ulivyotia sahihi, "mwenye matumaini". Bakia nayo. Ila daktari anaweza kusema mama yako bado asipige magoti, na harusi ikafika kabla goti halijapona. Basi siku hiyo kanisani, wakati wa mageuzo, watu wote watakaposhuka, wewe usishuke. Keti naye kwenye benchi, bega kwa bega, na yule mwanamke wa jumuiya kama amekuja, anong'one kuhusu wawili.