Aliyetuamia Ndege Jumapili

Mjukuu wangu Neema,

Amani ya Bwana iwe nawe huko ulikopangiwa utumishi. Bibi yako bado anasumbuliwa na miguu, nami siku hizi nachoka kabla ya jua kupanda. Umeniuliza iwapo niliwahi kutamani kuiacha kazi ya Injili. Nilitamani, nilipokuwa mwinjilisti kijana kule Mbwera.

Mwaka ule tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa kwanza, na ibadani tulikuwa mimi na bibi yako tu. Mpunga ukakomaa, na asiyekaa shambani kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga, hakuvuna kitu. Jumapili moja nikamwambia bibi yako kwamba hatutasali. Tutaamia, tutavuna, kisha tutaondoka.

Jirani yetu Mwislamu, Mzee Bakari, akatukuta tumekaa juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, tukipiga makelele na kurusha mawe kwa kombeo.

"Mwalimu, leo si siku yenu?"

"Ndege hawajui Jumapili, mzee."

"Kwani Ijumaa wanaijua? Unamkimbia Mungu kwa ajili ya vindege hivi! Shukeni mkasali. Nipe hilo kombeo."

Tukasali wawili, tukimsikia akiwatukana ndege. Alifanya hivyo kila Jumapili hadi mavuno. Hatukuondoka.

Mzee Bakari hakubatizwa, wala sikuwahi kuelezwa kwa nini mtoto wetu alichukuliwa. Nimechoka kuuliza. Lakini nilikwenda Mbwera nikidhani kwamba Mungu amemtuma mtu mmoja tu, nami ndiye, na katika hilo nilikosea.

Akutunze.

Babu yako
Kibiti