Namba za Penseli

Jumatatu, 3 Machi
Bosi wa maabara kaniambia tena: kwenye ripoti andika "maji salama". Salama gani! Madini ya risasi yamepita kiwango mara nne, na bomba hilo linakwenda shule tatu. Nimeandika. Naona haya.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji, fundi wa kompyuta, kaja kumsalimia kaka yake, mume wangu. Nikajifanya sijui kitu: eti mtu akitaka kuchapisha jambo mtandaoni bila kujulikana, hufanyaje? Akasema mitandao hiyo ni ya aina mbili. Mmoja unaficha njia uliyopita, lakini ukurasa wako unakaa kwenye mashine moja – ikikamatwa, kwisha habari. Mwingine unaukatakata, vipande vinatunzwa na maelfu ya watu wasiojua wanatunza nini. Hakuna wa kuufuta, hata aliyeuweka.
Halafu: "Shem, wewe na siri wapi na wapi?" Nikacheka. Lakini kwa nini aliuliza?

Alhamisi, 6 Machi
Nimechagua huo wa vipande. Bosi ana marafiki wa kuzima mashine moja, maelfu hawawezi. Kompyuta ya maktaba, simu nimeiacha nyumbani. Jina langu halipo popote, nimekagua mara tatu. Vipimo vya kweli vimepanda mtandaoni!

Jumatatu, 10 Machi
Mji mzima unaongea. Shule mbili zimefunga mabomba! Nimefurahi mpaka nikajifungia chooni nicheke.
Kazini kimya. Dereva aliacha kuongea nilipoingia – au alikuwa amemaliza tu? Mlinzi naye kaniangalia sana. Roho juu siku nzima.

Jumanne, 11 Machi
Mungu wangu. Penseli!
Maabara kwetu kila chupa inapimwa mara mbili. Kipimo cha kwanza tunakiandika kwa penseli kwenye karatasi ya kazi, cha pili, ambacho hutofautiana kidogo, ndicho kinaingia kitabuni, karatasi inachanwa. Mimi nimechapisha vya kwanza! Ningeweka vya kitabuni, tungeshukiwa watu ishirini tunaokiona kitabu. Hivi tunavijua wawili tu: mimi na Miwani, mwenzangu wa mezani.
Nikampigia shemeji. Kweli haifutiki? Kweli. Akauliza: "Shem, umefanya nini?" Nikakata simu. Sasa na yeye anajua.

Jumatano, 12 Machi
Miwani kaitwa kwa bosi saa tatu, katoka saa sita. Kakaa, kaanza kuosha chupa ambazo tayari ni safi. Nikamuuliza walitaka nini. Bila kunitazama akasema wanajua ni mmoja wetu, wamempa hadi kesho asubuhi alete jina. Mwanawe anasoma shule mojawapo kati ya zile. Sijui hilo linanisaidia au la.
Wakati wa kuondoka kaniuliza kama mume wangu ana habari.
"Habari ya nini?" nikasema.
"Basi mwambie leo."
Ananionya, au ananiaga? Mume wangu yuko sebuleni, anaangalia mpira. Nimeshasimama mlangoni mara mbili. Ananiuliza natafuta nini.